Hesabu Ambayo Haijasomwa



Wapendwa waamini, kila mwaka ifikapo Novemba, meza ya ofisi ya parokia hujaa karatasi. Huu ndio mwezi ambao Kanisa limeutenga kuwaombea marehemu wote, nanyi huleta majina ya wafu wenu ili yawekwe karibu na altare na kukumbukwa katika Misa. Orodha nyingine zimepigwa chapa vizuri, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha daftari la mtoto wa shule. Nimewahi kupokea moja iliyoandikwa nyuma ya stakabadhi ya ushuru wa dagaa. Huwa ninazisoma zote kabla ya kuziweka kikapuni, kwa sababu nadhani ni haki ya marehemu kwamba jina lake lipite walau mara moja mbele ya macho ya padre wake.

Mwaka mmoja alikuja baba wa makamo aliyekuwa amesafiri kutoka upande wa Nguruka. Karatasi yake ilikuwa na jina moja tu, na chini ya jina hilo maneno haya: na wenzake, Uvinza, 2018. Nilimwuliza hao wenzake ni akina nani, maana nilitaka kuongeza majina yao. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Padre, wengine siwajui kwa majina. Wewe uwaombee tu, Mungu anawajua." Nikamwuliza tena, "Walikuwa wangapi?" Akaniangalia kwa namna ambayo sijaisahau, akanijibu, "Hilo ndilo tulilotegemea mtuambie ninyi mnaosoma magazeti."

Sikuwa na jibu. Nimelibeba swali lake tangu siku ile, na leo napenda tulitafakari pamoja, kwa sababu linagusa mambo mawili ambayo mkristo hawezi kuyakwepa kwa kisingizio kwamba ni siasa: wajibu wa wenye mamlaka kutoa hesabu, na wajibu wa vyombo vya habari kutuambia yaliyotokea.

Wengi wenu mnakumbuka habari yenyewe. Oktoba 2018, katika kijiji cha Mpeta, Wilaya ya Uvinza, mgogoro wa ardhi ulizaa mapambano kati ya polisi na wafugaji. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo, Mheshimiwa Zitto Kabwe, aliyekuwa wakati huo Mbunge wa Kigoma Mjini, aliwaambia waandishi wa habari jijini Dar es Salaam kwamba amepata taarifa za vifo vya raia wapatao mia moja. Jeshi la Polisi lilikanusha, likaeleza kwamba askari wake ndio waliovamiwa na kuuawa, na kwamba idadi ya raia waliokufa haikufika popote karibu na hiyo. Mbunge alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi katika Mahakama ya Kisutu, na tarehe 29 Mei 2020 akatiwa hatiani na kuachiwa kwa sharti la kutotoa maneno ya uchochezi kwa mwaka mmoja.

Mimi si hakimu, wala sina kadi ya chama chochote. Sisemi kwamba namba ya mbunge ilikuwa ya kweli, wala sisemi kwamba ilikuwa ya uongo. Ninalosema ni hili: kesi ile ilihusu maneno aliyoyasema mtu mmoja, na maneno hayo yakapata mwendesha mashtaka, mawakili, mashahidi na hakimu. Vifo vyenyewe, vya raia na vya askari, havikupata nafasi kama hiyo. Muumini wa kawaida wa huku kwetu alibakiwa na namba mbili mkononi, moja ya mwanasiasa na nyingine ya kamanda, akaambiwa achague kufuatana na chama anachokipenda. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watu waliobatizwa au wasiobatizwa, wenye wake na watoto, na askari vijana ambao mama zao nao walilia. Hiyo si hesabu ambayo mtu anaweza kuichagua kwa mapenzi yake.

Je, gazeti lilipaswa kufanya nini? Nionavyo mimi, kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza ingawa ni nzito kuitenda: mtu aende Mpeta. Akae siku kadhaa. Azunguke kaya kwa kaya, akiuliza ni nani aliyeondoka asubuhi ile na hakurudi. Aende hospitali na aangalie daftari. Aonane na wenzao wale askari waliouawa. Kisha aandike alichokiona, hata kama mwishoni angepata namba ya tatu isiyompendeza mbunge wala kamanda. Sehemu kubwa ya habari nilizozisoma mimi wakati ule zilianza kwa maneno "mbunge amesema" au "polisi wamesema", na datelaini yake ilikuwa Dar es Salaam au Kigoma mjini. Kijiji chenyewe kilitajwa, lakini hakikuzungumza.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu ya mahali tunapoishi. Mwambao huu wetu uliingia katika magazeti ya dunia mapema kuliko miji mingi ya Afrika. Pale Ujiji, chini ya miembe, umesimama mnara ambao wageni huja kupigia picha, wa kukumbuka kukutana kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871. Tunasahau kwamba Stanley alikuja Ujiji akiwa mwandishi wa habari. Gazeti la New York Herald lilimlipia msafara mzima, wapagazi, vitambaa na shanga, ili akamtafute mzungu mmoja. Gazeti lilitaka habari, nayo ikapatikana, na mpaka leo watoto wetu wa shule wanajua jinsi Stanley alivyomsalimu mwenyeji wake.

Lakini habari iliyokuwa na uzito zaidi siku zile ilikuwa mfukoni mwa Livingstone. Miezi michache kabla, tarehe 15 Julai 1871, alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, magharibi ya ziwa letu. Ilikuwa siku ya soko, na wengi waliokuwapo walikuwa wanawake waliokuja na bidhaa zao. Watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwafyatulia risasi. Wengi walipigwa hapo hapo, wengine walijitosa mtoni wakazama. Livingstone hakuwa na karatasi tena wala wino. Alichukua kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza alilokuwa nalo, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, akikatisha mistari, kwa rangi aliyoitengeneza kutokana na mimea. Aliandika hata idadi ya waliokufa kama walivyoikadiria wafanyabiashara wenyewe, kati ya watu 330 na 400. Kisha akatembea, mgonjwa, mpaka Ujiji.

Stanley alizichukua barua zake, na mwaka 1872 habari za Nyangwe zikasomwa Ulaya na Marekani. Zilitia nguvu kampeni ya kuibana biashara ya watumwa, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba uliolifunga soko la watumwa. Siandiki haya kumfanya Livingstone mtakatifu. Wataalamu walioisoma upya shajara ile kwa mitambo ya picha, matokeo yao yakatolewa mwaka 2011, waliona kwamba alipoinakili baadaye alibadilisha baadhi ya mambo, hasa yaliyohusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Naye alikuwa na jambo la kuficha. Ndiyo maana hata shahidi mwema anahitaji shahidi wa pili. Lakini hesabu iliandikwa. Mtu asiye na karatasi, mwaka 1871, alihakikisha kwamba waliokufa Nyangwe wana namba. Sisi tulikuwa na simu, kamera, redio na magazeti mwaka 2018, na yule baba wa Nguruka aliniandikia "na wenzake".

Kwa nini waandishi wetu hawaendi? Si haki kuwalaumu bila kutazama mzigo waliobebeshwa. Katika miaka ile sheria na amri zilikuwa zimeifanya kazi yao kuwa kama kutembea juu ya makaa. MwanaHalisi lilifungiwa mwaka 2012. Mwananchi na Mtanzania yalifungiwa kwa muda mwaka 2013. Mawio lilifutwa Januari 2016. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Habari, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki, katika hukumu ya 28 Machi 2019, ilisema vifungu vyake kadhaa vinakwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Ni kweli kwamba Februari 2022 magazeti manne yalirudishiwa leseni zake, na mwaka 2023 sheria ilifanyiwa marekebisho. Tunashukuru kwa hatua hiyo. Lakini mwandishi aliyekaa miaka kadhaa akijifunza kuogopa hapati ujasiri siku ile ile leseni inaporudishwa.

Tena tunamkumbuka Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiliandikia Mwananchi kutoka Kibiti, mkoa wa Pwani, wakati watu walipokuwa wakiuawa huko na wauaji wasiojulikana. Alichukuliwa tarehe 21 Novemba 2017, na mkewe na watoto wake hawajamwona tena. Yeye alikuwa mtu wa aina ile ninayoisema: aliyekwenda kijijini, akahesabu, akaandika. Kabla yake Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kule Nyololo, Iringa, tarehe 2 Septemba 2012, akiwa kazini, na askari mmoja akahukumiwa kifungo kwa kifo hicho. Kila mwandishi wa mkoani anayajua majina haya mawili. Akipigiwa simu usiku kwamba kuna maiti porini, anayakumbuka kabla ya kuvaa viatu.

Kuna na sababu nyingine isiyo ya kishujaa, na wanahabari walio waamini wetu watanisamehe nikiitaja. Mwandishi wa mkoani, mara nyingi, hana mshahara. Analipwa kwa habari iliyotoka, na malipo yenyewe hayatoshi nauli ya kwenda Uvinza na kurudi. Gari linalomfikisha kijijini ni la msafara wa kiongozi, chakula anachokula ni cha msafara, na jioni kuna bahasha ya "nauli". Atawezaje basi kuandika kwamba zahanati iliyozinduliwa mchana haina dawa? Nimewaona vijana waaminifu wakihangaika na jambo hili, na mmoja aliniungamia nje ya kiti cha kitubio, tukinywa chai, kwamba hajawahi kuandika habari ambayo hakuna mtu aliyempeleka kuiandika. Alisema kwa aibu. Nami nilijiuliza ni nani kati yetu, tunaodai ukweli kwa sauti kubwa, ambaye amewahi kuulipia.

Kwa hiyo mwambao huu huonekana pale tu msiba unapokuwa mkubwa kiasi cha kuwaleta wageni. Mnakumbuka Mei 2015. Burundi ilipochafuka, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya ziwa na mlima, ambacho wakati ule kilifikika kwa maji au kwa miguu tu. Kipindupindu kikaingia. Ndani ya majuma machache wagonjwa walikaribia 3,000, na waliofariki walikuwa takriban 30, wengi wao wakimbizi, pamoja na wenyeji wachache. Meli yetu kongwe MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kubebwa vipande vipande mpaka Kigoma, ilipakia watu mamia kwa mamia na kuwaleta mjini, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kambi ya muda. Nilikwenda pale uwanjani na akina mama wa WAWATA tukiwa na uji na sabuni. Kamera zilikuwa nyingi, za lugha nyingi.

Mama mmoja wa parokia alinong'ona, "Baba, kumbe Kagunga ipo duniani!" Alikuwa amezaliwa huko. Alijua kwamba kipindupindu hakikuletwa na Warundi peke yao. Watu wa Kagunga walikuwa wakinywa maji ya ziwa miaka yote, na hakuna aliyewahi kuja na kamera kuuliza fedha za mradi wa maji zinapita wapi. Wageni wale walifanya kazi njema, na picha zao zilileta msaada. Kisha wakaondoka, na swali la maji likabaki pale pale ufukweni. Msiba unaokuja polepole, wa mtoto mmoja leo na mwingine mwezi ujao, haupigiwi picha. Huo ndio ambao gazeti la nyumbani lingetakiwa kuuhesabu.

Mahali ambapo habari hainyeshi, wapendwa, uvumi huota. Haya tumeyaona wenyewe. Baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, kila mtu hapa mjini alikuwa na idadi yake ya waliokufa, na kila idadi ilikuwa na "ndugu yangu aliyeona kwa macho". Simu zilipofunguka zikamwagika picha, za kweli na za uongo, za mwaka ule na za miaka iliyotangulia, za kwetu na za nchi nyingine. Wenye mamlaka wakilalamika kwamba wananchi wanaamini uzushi, tuwajibu kwa heshima: mtu mwenye njaa hula hata mzizi asioujua. Dawa ya uzushi ni hesabu iliyosomwa mapema, hadharani, na mtu anayeweza kuulizwa swali. Kumnyamazisha anayehesabu hakujawahi kupunguza idadi ya kitu chochote.

Wakati fulani tulionja jinsi mambo yanavyoweza kuwa. Novemba 2014 Bunge lilijadili fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwa zimetoka Benki Kuu. Magazeti yalikuwa yamelianika jambo hilo, Mkaguzi Mkuu akalikagua, Kamati ya Hesabu za Serikali ikaleta ripoti, na mjadala ukarushwa moja kwa moja. Nakumbuka vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji: wazee wa Kiislamu na wa Kikristo, wavuvi, bodaboda, wote kimya wamezunguka redio moja, wakisikiliza mambo ya akaunti kana kwamba ni fainali ya kombe. Ndani ya majuma machache Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, waziri mmoja akaondolewa, mwingine akajiuzulu Januari iliyofuata. Hakuna damu iliyomwagika. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, Januari 2016, Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Wale wazee wa kahawa walirudi kuzungumza mpira.

Hapa najua kuna msomaji anayesubiri niitaje sehemu nyingine ya habari ile, nami nisipoitaja nitakuwa mnafiki. Katika orodha ya waliopokea sehemu ya fedha zile, iliyosomwa bungeni, yalikuwamo majina ya viongozi wa dini, na baadhi yao walikuwa wa Kanisa letu Katoliki. Ilielezwa kwamba zilikuwa sadaka na misaada, na mimi sina neno la kuwahukumu. Lakini siku ile nilipokwenda kununua mafuta ya mawese, muuzaji, kijana Mwislamu ninayemheshimu, aliniuliza kwa upole, "Padre, na ninyi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa sababu nilikuwa na hesabu yangu mwenyewe, ya zamani, na niliijua vizuri.

Niwasimulie. Miaka mingi iliyopita, nikiwa paroko kijana katika parokia nyingine ya mwambao huu, tulichanga fedha za kuezeka kigango kimoja. Mchango uliendelea zaidi ya nusu mwaka. Bati hazikuja. Bibi mmoja mkaushaji wa dagaa, asiyejua kusoma wala kuandika, alikuwa akichora mstari wa mkaa ukutani kwake kila Dominika aliyotoa mchango. Siku moja baada ya Misa alinisimamisha mbele ya watu. "Baba," alisema, "mistari yangu imefika ishirini na sita. Hesabu ya bati haijasomwa."

Nilikasirika. Nilimwambia, "Bibi, unamshuku padre wako?" Watu waliinamisha nyuso. Yeye hakuinama. Akasema, "Sikushuku, Baba. Mimi nauza dagaa kwa kisado. Mteja akikitazama kisado changu sikasiriki. Nikikasirika, ndipo atajua."

Nilikwenda nyumbani nikafungua daftari. Sikuwa nimeiba, kwa maana ile ya kuweka mfukoni. Pikipiki ya parokia ilikuwa imeharibika, nikachukua fedha za bati kuitengeneza, nikijiahidi kuzirudisha. Kisha dizeli ya jenereta. Kisha mgeni. Kila mara kulikuwa na sababu njema, na kila mara nilijiambia kwamba waamini hawahitaji kusumbuliwa na mambo madogo. Hesabu ilipungua kwa shilingi laki nne na elfu kumi na mbili. Namba hiyo ninaikumbuka kuliko tarehe ya upadrisho wangu.

Dominika iliyofuata niliisoma mbele ya altare, pamoja na upungufu na sababu zake. Wengi walinisamehe, na kigango kikaezekwa mwaka uliofuata. Lakini mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, mzee mnyoofu aliyekuwa akinitetea kila mahali, alijiuzulu na hakurudi tena katika uongozi mpaka alipofariki. Hakunitukana. Alisema tu kwamba yeye aliwaambia watu jambo ambalo halikuwa kweli, kwa sababu yangu. Sijui kama nilimlipa deni lile. Jina lake huwa naliandika mwenyewe katika orodha ya Novemba.

Tangu wakati huo nimeelewa kitu kimoja juu ya wenye mamlaka, wakubwa na wadogo. Wengi hawaanzi kwa kuwa wezi au wauaji. Huanza kwa kuudhika wanapoulizwa. Kuudhika kule hujivika mavazi mazuri: heshima ya cheo, usalama wa taifa, umoja wa Kanisa, kulinda imani ya wadogo. Mfalme Daudi naye alikuwa mtu wa sala, na bado ilimlazimu Mungu kumtuma Nathani na kisa cha mwana-kondoo wa maskini ili macho yake yafunguke. Sifa ya Daudi ni kwamba hakumfunga Nathani. Na Mtume Paulo, alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Aliomba makanisa yachague watu wa kwenda naye, ili asiwepo mtu wa kuwalaumu juu ya fedha zile. Hakuna aliyemshuku Paulo. Yeye ndiye aliyejua kwamba mtakatifu naye anahitaji mtu wa kutazama kisado chake.

Tufanye nini basi? Nina mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tuanzie nyumbani. Kuanzia mwezi huu mapato na matumizi ya parokia yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka, na kusomwa katika kila kigango kwa ajili ya wasiosoma. Atakayeuliza swali ajibiwe, asiitwe mkorofi. Nikiudhika, nikumbusheni dagaa.

Pili, hudhurieni mikutano mikuu ya vijiji na mitaa yenu. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe walau kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi yasomwe. Wengi wetu hulalamika kuhusu Dodoma na hatujawahi kuuliza mbele ya mtendaji wa kijiji fedha za choo cha shule zilikwenda wapi. Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu ya maisha yake na ya jamii. Haki isiyotumika huota kutu kama jembe.

Tatu, tusiwe wasambazaji wa tusiyoyajua. Kabla ya kutuma picha ya maiti katika kundi la jumuiya, jiulize: ni nani, wapi, lini, nani ameshuhudia? Ukikosa jibu, sali rozari badala ya kutuma. Mtu akituma habari ya uongo juu ya wafu, anamsaidia yule anayetaka hata habari ya kweli isiaminiwe.

Nne, tuwatunze wanaohesabu. Vijana wetu wanaofanya kazi katika redio na magazeti ya hapa si watu wa kuombwa tu watangaze harusi na jubilei. Mkiwa na tukio kijijini, wapeni kitanda, chakula na mtu wa kuwaonyesha njia, bila kuwaambia waandike nini. Maaskofu wetu wamekuwa wakisema: katika ujumbe wa Kwaresima wa 2018 walilalamikia kubanwa kwa vyombo vya habari, na Agosti 2023 tamko lao juu ya mkataba wa bandari lilisomwa makanisani nchi nzima. Lakini askofu hawezi kwenda Mpeta kuhesabu makaburi. Anahitaji mtu mwenye daftari na kalamu, na mtu huyo anahitaji nauli.

Narudi kwa yule baba wa Nguruka. Karatasi yake bado ninayo. Kila Novemba naiweka kikapuni pamoja na za mwaka mpya, na ninapofika kwenye maneno "na wenzake" ninatua kidogo. Ninawaombea raia waliokufa, ninawaombea askari waliokufa, na ninaomba pia kwamba siku moja, mtu fulani, awe ametumwa na Serikali au na gazeti, akae chini na familia zile na kuandika majina yote, moja baada ya jingine. Mungu anawajua, ndivyo alivyosema baba yule, na ni kweli. Lakini Mungu alipomwuliza Kaini juu ya ndugu yake, hakuuliza kwa sababu alikuwa hajui. Aliuliza kwa sababu Kaini alipaswa kujibu.

Raha ya milele uwape, ee Bwana. Nawatakia Dominika njema, na tuonane katika Misa.

Paroko wenu